Kisu Kwenye Meza ya Maandazi

Kila nikikaa msibani au harusini na watu wa rika langu, haupiti muda mrefu kabla mmoja hajaanza: zamani vitu vilikuwa rahisi. Sukari ilikuwa rahisi, unga ulikuwa rahisi, doti ya kanga ulinunua na chenji ikabaki. Wenzake wanatikisa vichwa kwa masikitiko. Mimi siwezi kunyamaza. Namuuliza, "Hiyo kanga uliinunua duka gani?" Hapo wote wananitazama kana kwamba nimemwaga chai kwenye mkeka wa watu.

Nimekulia Karatu, kwenye mgahawa wa mama yangu, kando ya barabara inayopanda kwenda Ngorongoro. Neno mgahawa ni la heshima tu. Lilikuwa banda la mbao na mabati ya kuokoteza, meza mbili, mabenchi na karai. Mama alikuja kutoka Singida akiwa mke wa kibarua wa shamba la kahawa. Baba alipofariki, nyumba ya shamba akapewa kibarua mwingine, na mama akabaki na mimi na karai lake. Karai hilo lilinisomesha mpaka darasa la saba, likatuvisha, likatulipia kodi ya chumba na ya banda. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba kwetu habari za bei hazikuwa mazungumzo ya kupitishia muda.

Wateja wetu wakubwa walikuwa vibarua wa shamba lile lile alilofanyia kazi baba. Walipita alfajiri, ukungu bado umelala barabarani, makoti ya mvua yamefungwa kiunoni. Mtu alikula andazi moja, akanywa chai, akaenda kwenye kahawa mpaka jioni. Madereva wa malori ya vitunguu kutoka Mang'ola walikuja pia, na siku za mnada walikuja wachungaji kutoka Endulen, ambao walisifu chai na kulalamikia maziwa yetu kuwa yametiwa maji. Yalikuwa yametiwa maji. Lakini andazi hakuna aliyelilalamikia ukubwa, maana mama alikuwa na kipimo.

Kipimo chenyewe kilikuwa kifuniko cha kopo la maziwa ya unga. Alisukuma unga juu ya kibao, akakandamiza kifuniko, akatoa duara. Siku zote kifuniko hicho hicho, sehemu hiyo hiyo ya kibao, mpaka mti ukachimbika mviringo wa kifuniko. Mama alikuwa mtu wa kanisani, lakini nadhani alikiamini kifuniko kile zaidi ya baadhi ya mahubiri. Alisema mtu anayekwenda kuinama kutwa nzima juu ya kahawa hawezi kudanganywa tumbo.

Sasa hiyo zamani iliyokuwa rahisi. Miaka ya sabini ikielekea mwisho, na miaka ya mwanzo ya themanini, duka la ushirika lilikuwa na ubao mweusi ukutani, bei zimeandikwa kwa chaki kwa mwandiko safi kabisa. Bei zilikuwa za chini kweli, nani atabisha? Unga wa ngano, chini. Sabuni, chini. Mafuta ya kupikia, chini. Na chini ya ubao, rafu tupu, na mwuza duka anasinzia. Ngano tuliiona kwa macho yetu ikivunwa kwenye mashamba ya jirani, malori yakaondoka yamejaa. Ngano iliondoka, unga haukurudi.

Ikija tetesi kwamba gari la unga liko njiani, watu walipanga mawe mbele ya duka kushika nafasi, kila mtu na jiwe lake, halafu wakaenda shambani. Jiwe langu lilikuwa jeusi lenye mchirizi mweupe. Nililiokota korongoni na nililifahamu kama mtu anavyomfahamu mbuzi wake. Siku moja ya mnada, ng'ombe waliotoka huko Endulen wakapitishwa pale pale mbele ya duka. Kwato hazijui foleni. Ng'ombe walipokwisha kupita, mawe yalikuwa yametawanyika mpaka mtaroni, na watu wazima na heshima zao wakaanza kusukumana, kila mmoja akiapa kwamba jiwe la mbele ni lake. La kwangu nililikuta limepasuka vipande viwili. Bibi mmoja akaniambia, "Una bahati mjukuu wangu, sasa una nafasi mbili." Nilicheka naye. Unga haukuja siku ile, wala kesho yake.

Kwa hiyo anayeniambia sukari ilikuwa rahisi, mimi namwambia ubao ndio uliokuwa rahisi. Unga wa maandazi tuliupata kwa mlango wa nyuma wa mtu fulani, kwa bei ambayo hakuna chaki iliyothubutu kuiandika. Mama akapandisha bei ya andazi. Ilimuuma, lakini alipandisha, na kifuniko hakukigusa.

Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, ambaye naye aliuza maandazi, hakupandisha. Yeye alipunguza. Kidogo kidogo andazi lake lilinywea mpaka likawa la kumbembelezea mtoto. Bei ile ile. Watu wakamsifu kwa utu wake! Mama yangu wakamwita mlanguzi, na wengine walimpa majina ambayo sitayaandika hapa kwa sababu waliompa baadhi yao bado wako hai na wanasali kanisa moja na mimi. Nilikuwa na hasira za kuweza kuchemsha chai bila kuni. Mama alikuwa anasema tu, "Kizuri chajiuza." Na kweli kilijiuza. Walimtukana huku wanatafuna, na kabla jua halijapanda kapu lilikuwa tupu.

Waliwezaje kununua andazi la bei ile na mshahara wao ule mdogo? Jibu lake ni posho. Shamba lilikuwa na desturi ya miaka mingi: kila Jumamosi kibarua alipimiwa unga wa mahindi na maharage ya kutosha nyumba yake kwa wiki. Mshahara ulikuwa kiganja cha mtoto, lakini chungu cha nyumbani kilikuwa juu ya shamba. Shilingi iliyobaki mfukoni ilikuwa ya chai, andazi, sabuni na sadaka.

Halafu, miaka ya themanini ikiwa imeshavuka nusu, biashara ikafunguliwa. Malori yakaanza kupanda kutoka Arusha na vitu ambavyo watoto wengine hawakuwa wamewahi kuviona: ndoo za plastiki za kila rangi, sabuni za kunukia, marobota ya mitumba, na unga wa ngano, mifuko kwa mifuko, mchana kweupe, kwa mlango wa mbele. Bei yake ilizidi ile ya ubaoni zamani. Lakini ilikuwa chini, chini sana, ya ile ya mlango wa nyuma. Mama aliponunua mfuko wa kwanza aliupiga kofi kama mtu anayempongeza ng'ombe wake mnadani, na wiki hiyo hiyo akashusha bei ya andazi.

Nilitegemea watu watashangilia. Wapi! "Unga umepanda," walisema vibarua, wanywaji chai wangu, huku wameshika andazi lililoshuka. "Ubaoni ulikuwa bei fulani, sasa tazama." Niliwauliza kama kuna hata mmoja aliyewahi kuununua kwa bei ile ya ubaoni. Wakaniambia mtoto wa kike mdomo mrefu hataolewa. Niliolewa, na mume wangu anakiri hajawahi kuushinda mdomo huu.

Mimi siku zile nilijiona mjanja kuliko wote. Bei imeshuka, nyie hamtaki kuona, shauri yenu. Kitu ambacho sikukiona mimi ni kisu.

Mama ndiye aliyekiona. Muda si mrefu baada ya unga kujaa madukani, shamba lilifuta posho. Meneja aliwaambia vibarua kwamba posho ilikuwa ya miaka ya shida, sasa maduka yamejaa na bei zinashuka, kila mtu akanunue mwenyewe. Mshahara uliongezwa kiasi cha kusemwa tu kwamba umeongezwa. Na asubuhi zilizofuata, wanaume waliozoea kula kila mmoja andazi lake wakaanza kununua moja wawili. Kisha moja watatu. Waliomba kisu. Mama alitoa kile cha kukatia vitunguu, lakini kiliombwa mno, ikabidi anunue kingine mnadani. Alikifunga kamba kwenye mguu wa meza kisipotee.

Vibarua walikwenda ofisini kudai posho yao. Msemaji wao alikuwa mkata matawi ya kahawa, mtu wa Singida kama mama, wa kijiji cha jirani na chao. Alimwita mama dada, nami nilimwita mjomba, na baba alipofariki yeye ndiye aliyetubebea vitu kutoka nyumba ya shamba. Siku ile alitoka ofisini akaja moja kwa moja kwetu, hakukaa wala hakuagiza chai.

"Dada, nina ombi. Pandisha bei ya andazi."

Mama alikuwa anageuza maandazi kwenye karai. "Umelewa asubuhi yote hii?"

"Sijalewa. Meneja anatuambia posho ya nini na vitu vimeshuka. Tukibisha, anakutaja wewe. Hata andazi la yule mama barabarani limeshuka, na ukubwa ni ule ule. Ndivyo anavyosema. Andazi lako linatunyima unga, dada."

"Kwa hiyo nipandishe."

"Upandishe. Au useme umelipunguza ukubwa. Chagua moja."

Mama aliepua karai, akalitua chini. "Kaka, miaka ile ya shida mliniita mlanguzi na sikulikata andazi langu kwa kifuniko kidogo. Leo unga upo, unataka nilikate kwa mdomo?"

"Nataka watoto wetu wale."

"Hata mimi nataka wale. Uongo siusemi."

Mjomba akasema kwamba basi vibarua hawatanunua tena kwetu, na kwamba hayo si maneno yake, ni ya wote. Mimi nilimtupia maneno ambayo mtoto hamwambii mjomba wake. Nilimkumbusha kila kikombe alichokunywa kwa mkopo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake, akaondoka.

Lakini alipoondoka nilimgeukia mama, na nitasema ukweli, nilimsihi akubali. "Pandisha tu, mama. Wiki mbili. Kodi ya banda tutalipa na nini wakisusa?"

"Nikipandisha hali unga umeshuka, huo nao ni uongo. Na nikisema nimelipunguza, meneja akaja akapima kwa kifuniko, watarudi wapi hao vibarua?" akasema. "Wataitwa waongo wao pamoja na mimi, na posho itakuwa imezikwa kabisa."

Wakasusa. Alfajiri zilipita wanaume wanatembea upande wa pili wa barabara, wakivuta harufu ya maandazi na kutazama mbele kama wanajeshi. Madereva wa vitunguu walibaki wateja wetu, lakini hawakutosha kutulipia kodi. Mwenye banda alianza kupita pita na kuuliza hali, na kila mpangaji anajua maana ya kuulizwa hali namna ile. Halafu ukaja uvumi kwamba mama amebadilisha kifuniko, kwamba cha zamani kilikuwa kikubwa zaidi.

Hapo nilishindwa. Nilibeba kibao nikatoka nacho mpaka katikati ya barabara, vibarua wanapita, nikakishika juu ya goti na kupachika kifuniko kwenye ule mviringo uliochimbika. Kiliingia pale kama jino kwenye ufizi. "Nani anasema kimebadilishwa? Aje apachike cha kwake!" Hakuna aliyekuja. Lori la vitunguu lilinipigia honi, na mama akaja kunivuta ndani kwa upindo wa kanga. Niliwachukia watu wale, na nilikuwa nimekua nao.

Siku ya mshahara, meneja aliitisha mkutano kwenye meza za kuanikia kahawa, na alimtuma mtu aje kumwita mama. Alitaka shahidi. Mimi nilifurahi, nikasema leo watakoma. Mama alitia kifuniko kwenye kikapu, kisha akainama chini ya meza akakata kamba ya kisu.

Vibarua walikuwa wamesimama kwa makundi, Wairaqw wenyeji upande huu, watu wa Singida na Dodoma upande ule, mjomba mbele yao. Walipomwona mama akipelekwa mbele karibu na meneja, mwanamke mmoja akatema mate chini. Meneja alikuwa mtu mpole wa maneno, hakuwa na kelele.

"Mama," alisema, "tunaomba ukweli tu. Andazi lako limeshuka bei au halikushuka?"

"Limeshuka, bwana meneja."

Mngurumo ulipita kwa watu. Mjomba alitazama chini.

"Na ukubwa wake?"

"Ule ule. Kifuniko ni hiki hapa."

Meneja aligeuka kwa vibarua, akafungua mikono. "Mmesikia wenyewe. Sijasema mimi."

"Bado sijamaliza," mama alisema. Akatoa kisu kikapuni, kipande cha kamba kinaning'inia. "Andazi lilipokuwa ghali, mezani kwangu hapakuwa na kisu. Mtu alinunua lake, akala, akaenda kazini. Lilipokuwa ghali! Waulize, walinitukana na walikula. Tangu mlipofuta posho, andazi limeshuka na wao wanaomba kisu. Wanaume wawili, andazi moja. Wanaume watatu, andazi moja. Kifuniko ni kile kile, bwana meneja. Kisu ndicho kipya. Hebu niambie, kitu kikishuka bei, mbona kinakatwa?"

Meneja alisema labda watu wamejifunza kubana matumizi, ni tabia nzuri. Mtu mmoja nyuma alicheka kicheko kibaya.

"Mwenye shibe hamjui mwenye njaa," mama alisema, bila ukali, kama anayemtajia mteja bei ya chai. "Bei imeshuka, hapo uko sahihi, na mimi sitakubishia hata mbele ya Mungu. Lakini uliposhuka unga wa ngano, wewe ukachukua unga wa mahindi. Usitumie andazi langu kufunika hilo."

Mimi nilikuwa nimesimama kando na furaha yangu yote imeniishia. Miezi mizima nilikuwa nikiwafundisha watu hesabu ya ubao na mlango wa nyuma, na nilikuwa sahihi kabisa, na kila asubuhi nilikuwa nikikivuta kile kisu kwa kamba na kumpa mtu akikate kifungua kinywa chake vipande vitatu. Niliona aibu, kisha hasira, na hasira ikabaki mpaka leo. Meneja alisema atalitafakari, akapanda landrova yake.

Kesho yake alfajiri, mabenchi yalijaa. Hakuna aliyeomba radhi, wala mama hakuitaka. Waliomba kisu tu, na mimi nilikifunga kamba upya.

Sitaki kudanganya kwamba meneja aliangushwa na kisu. Wapo wanaosema posho ilirudi kwa sababu msimu wa kuchuma ulikuwa umekaribia na wachumaji walikuwa wameanza kuteremkia Mang'ola kwenye vitunguu. Huenda. Mimi nasema ni kisu, na atakayebisha aje na chake. Posho ilirudi, unga kama zamani, maharage pungufu.

Ndiyo maana msibani wananiona mgomvi. Anayesema zamani vitu vilikuwa rahisi namuuliza jiwe lake liliwekwa wapi. Na kijana wangu mmoja, mwenye kazi nzuri Arusha, akinionyesha kwenye simu yake jinsi bei za vitu zilivyoshuka, namuuliza anajua watu wangapi wanaokula kwenye sahani moja. Anasema mama, wewe hueleweki uko upande gani. Niko upande wa meza yangu.

Jumatatu ya kwanza baada ya posho kurudi, mjomba aliingia peke yake, kabla ya wenzake. Alikaa benchi la mwisho, akaagiza chai na andazi. Mimi nilimpelekea, na mkono wangu kwa mazoea ukainama kuvuta kisu chini ya meza, nikamnyooshea mpini.

Alikitazama. Akakisukuma pembeni kwa kidole kimoja. "Leo kaa nacho, mwanangu," akasema, akalishika andazi zima kwa mikono miwili na kuling'ata.

Mama alikuwa amesimama kwenye karai, amempa mgongo. Hakugeuka mpaka mjomba alipomaliza kula.